Shajara ya mradi: kupandisha maji, watu wanne, ripoti moja

Wiki ya kwanza

Kazi imetoka. Tunatakiwa kubuni mfumo wa kupandisha maji kutoka hodhi la chini hadi tangi lililo juu ya mnara: lita 3 kwa sekunde, kimo cha kupanda mita 18, bomba lenye urefu wa mita 120. Tuchague bomba, pampu na mota, tubuni mnara wa chuma wa mita 6, tuchore michoro yote, tuandike ripoti moja. Mwisho wa muhula kila mmoja ataitwa peke yake na kuulizwa swali lolote kuhusu sehemu yoyote, hata ile ambayo hakuigusa. Alama za ripoti ni sawa kwa wote wanne. Alama za maswali ni za mtu binafsi.

Vikundi amevipanga mhadhiri mwenyewe. Darasa limenung'unika, maana kila mtu alikwisha kuwa na watu wake. Mimi naona amefanya vyema. Marafiki wakijipanga wenyewe huwa wanakaa safu moja, wanasoma kwa namna moja, na ni vigumu kumwambia rafiki usoni kwamba hesabu yake haisimami. Mtu usiyemzoea unaweza kumuuliza "umeipata wapi namba hii?" bila kuogopa kuharibu urafiki.

Kikao cha kwanza kilikuwa kifupi mno. Hata karatasi ya kazi hatujaimaliza kusoma, mmoja akasema "tugawane tu," tukagawana: mmoja mabomba, mmoja pampu na mota, mimi mnara, wa nne michoro na ripoti. Kila mtu akaondoka amefurahi. Kazi nyingi za kikundi katika uhandisi huanza hivi, na ndiyo sababu nimeamua kuandika shajara. Naamini malalamiko mengi tunayoyasikia koridoni kila muhula, fulani hafanyi kazi, fulani kafanya ya wote, yanazaliwa katika dakika hizo za mgawanyo. Bomba linaamua pampu, pampu inaamua mota, ukubwa wa tangi unaamua mnara. Vipande vinne vilivyofanywa na watu wasiosomana haviwi mfumo mmoja kwa kuunganishwa kwenye faili moja.

Nimeliweka hilo kwenye kundi letu la ujumbe. Jibu la kwanza: "Tutaunganisha mwishoni." La pili: dole gumba. La tatu halikuja.

Wiki ya pili

Nimetafuta ninachoweza kuwaonyesha wenzangu, nikaanza na kamba. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alipima nguvu ya watu wanaovuta kamba, mmoja mmoja na kwa makundi, akachapisha matokeo mwaka 1913. Kundi lilipokua, jumla ya nguvu iliongezeka, ila mchango wa kila mtu ulishuka; walipofika wanane kila mmoja alitoa chini kidogo ya nusu ya alichotoa akiwa peke yake. Ringelmann mwenyewe alitilia mkazo uratibu: watu hawavuti kwa wakati mmoja wala kuelekea upande mmoja kamili. Mwaka 1974 watafiti wengine wakamfunga mtu kitambaa machoni na kumwaminisha kwamba kuna wenzake wanavuta nyuma yake, kumbe hakuna mtu. Akavuta kidogo kuliko alivyovuta alipojua yuko peke yake. Kwa hiyo uratibu ni sehemu moja, na moyo wa mtu ni sehemu nyingine.

Kinachonifaa zaidi ni majaribio ya mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake, yaliyochapishwa 1979 na 1981, ambamo watu walitakiwa kupiga kelele na makofi kwa nguvu zao zote. Ndani ya kundi kelele za mtu zilipungua. Lakini walipojua kwamba sauti ya kila mmoja inaweza kupimwa peke yake, ule ulegevu ukaondoka. Sisomi hapo kwamba watu ni wavivu. Ninachosoma ni kwamba mtu akijua kazi yake inaonekana, anaifanya.

Pendekezo langu, ambalo wamelikubali baada ya mjadala mrefu kuliko nilivyotarajia: kila ukurasa wa hesabu uwe na herufi za mwanzo za jina la aliyefanya na za aliyekagua, na mkaguzi asiwe mtu wa sehemu hiyo. Kukagua maana yake ni kuifanya hesabu upya kwa karatasi na kalamu. Kutazama jibu na kutikisa kichwa hakuhesabiki. Mwenzetu wa pampu alisema inaongeza kazi maradufu. Ni kweli inaongeza. Lakini maswali ya mwisho yanagusa sehemu zote, na ukisha kukokotoa sehemu ya mwenzako huna haja ya kukesha ukiikariri.

Wiki ya tatu

Mwenzetu wa pampu na mota amenyamaza. Hajibu ujumbe, kikao kilichopita hakuja, cha leo amekuja akakaa pembeni. Kwenye vikundi vingine mtu kama huyu hupewa jina mara moja: mdandiaji. Kuna mmoja alipendekeza tumtaarifu mhadhiri mapema ili jina lake liondolewe.

Nilikataa, na bado nakataa. Baada ya kikao nilibaki naye, nikamuuliza amefikia wapi. Hakuwa na cha kuonyesha. Tukafungua karatasi pamoja, ikadhihirika kwamba amekwama mahali pa mapema sana: haelewi kwa nini pampu inaelezwa kwa mita. Kwake mita ni urefu, na pampu inatoa msukumo, vipi msukumo upimwe kwa mita? Swali zuri, na naona aibu kwa darasa zima kwamba muhula umefika hapa na mtu hajapata pa kuliuliza. Nilimweleza kwamba safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hivi inagandamiza sakafu yake kwa baa moja, hivyo kusema "pampu ya mita 24" ni kusema inaweza kusukuma maji kama vile inabeba safu ya kimo hicho, ikiwa ni pamoja na kile kinachopotea njiani kwa msuguano. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuandika mwenyewe.

Nataka hili liandikwe wazi, kwa sababu naliona kila kozi. Aliyenyamaza mara nyingi amepotea, hajagoma. Na kadiri anavyokawia kusema ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kusema, maana wenzake wameshafika mbali. Wapo kweli wanaosubiri kubebwa, nimewahi kuwa kikundi kimoja nao na najua inavyouma kumaliza ripoti usiku wakati mwenzako amelala. Lakini huwezi kuwatofautisha hawa wawili kwa kutazama nani anajibu ujumbe. Lazima ukae na mtu mbele ya karatasi.

Wiki ya nne: hadithi ya 63

Leo ukaguzi umelipa.

Mwenzetu wa mabomba alichagua bomba la plastiki la milimita 63 na kuliandika hivyo kwenye jedwali la pamoja: "bomba, 63." Mwenzetu wa pampu akachukua 63 na kuiingiza kwenye hesabu ya msuguano kama kipenyo. Kwa namba hiyo maji yanakwenda mita moja hivi kwa sekunde na msuguano unakula kama mita 1.8. Ukijumlisha mita 18 za kupanda na mita moja tuliyotenga kwa viwiko na vali, pampu inatakiwa kufikia karibu mita 21.

Wa michoro ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ukurasa huo. Alipokuwa anachora kiungo cha bomba alihitaji unene wa ukuta, akaenda kwenye orodha ya mtengenezaji, akakuta kwamba mabomba haya hutajwa kwa kipenyo cha nje. Ukuta wa bomba letu ni karibu milimita 6 kila upande. Njia ya maji yenyewe ni milimita 51.

Mtu anaweza kusema tofauti ya milimita 12 si kitu. Ila kwa mtiririko uleule, msuguano unapanda kadiri kipenyo kinavyopungua, na unapanda kwa kipeo cha tano. Gawanya 63 kwa 51, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe hadi kipeo cha tano, unapata karibu 2.9. Msuguano halisi ni karibu mita 5. Jumla ni mita 24, si 21. Nguvu inayoingia kwenye maji ni wati 700 hivi, na kwa ufanisi wa nusu mhimili unaoizungusha pampu unahitaji kilowati 1.4. Ile mota ya kilowati 1.5 iliyotutosha vizuri kwa namba ya kwanza sasa haina akiba. Tumepanda hadi ukubwa unaofuata, 2.2. Na kama tungejenga kwa namba ya zamani, mfumo usingekataa kabisa kufanya kazi. Ungeleta maji pungufu ya lita 3 kwa sekunde, siku zote, na watumiaji wangelaumu pampu.

Nilitazama kwa makini kosa hili ni la nani, nikaona halina mwenyewe. Wa mabomba aliandika jina sahihi la bomba. Wa pampu alitumia namba aliyopewa, na hesabu yake haina dosari hata moja. Kosa lilikaa katikati yao, pale namba ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila maelezo. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipotea mwaka 1999 kwa kosa la namna hii: programu ya upande mmoja ilitoa matokeo kwa vizio vya pauni, upande wa pili ukayasoma kama nyutoni. Kila upande ulikuwa na wataalamu wa kweli.

Kuanzia leo kila namba kwenye jedwali la pamoja ina safu tatu za ziada: kizio, imetoka wapi, na inatumiwa na nani. Hiyo ya tatu ndiyo naipenda zaidi. Ukibadilisha namba, unajua nani wa kumpigia simu.

Wiki ya tano

Na kweli namba imebadilika. Mhadhiri, akijibu swali la kikundi kingine darasani, alisema tangi liwe la lita 10,000 badala ya 5,000. Watatu wetu walikuwepo. Mimi sikuwepo, nilikuwa maabara. Wenzangu walilichukulia kama jambo dogo la ripoti, maana pampu haibadiliki. Mnara unabadilika wote: lita 5,000 za maji zina uzito wa kilonyutoni 49, lita 10,000 ni 98, kwa hiyo kila mguu kati ya minne unabeba karibu kilonyutoni 24.5 badala ya 12, kabla ya uzito wa tangi lenyewe na chuma. Habari ilinifikia siku hiyohiyo kwa sababu aliyebadilisha namba kwenye jedwali alikuta jina langu kwenye safu ya watumiaji.

Tulipokutana niliwasimulia ajali ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Julai 1981, ambayo kila mwanafunzi wa miundo anapaswa kuijua. Njia mbili za kupita zilining'inia juu ya ukumbi, moja chini ya nyingine. Mchoro wa awali ulikuwa na fito ndefu za chuma zinazotoka darini, zinapita njia ya juu na kuendelea hadi ya chini. Ili kurahisisha utengenezaji, kila ufito ukagawanywa mara mbili, hivyo njia ya chini ikawa imetundikwa kwenye mihimili ya njia ya juu. Kwenye mchoro ni badiliko dogo. Kwenye kiungo cha juu mzigo uliongezeka mara mbili. Badiliko likapita bila kukokotolewa upya, na watu 114 wakafa. Baadhi ya wenzangu hawakuwa wameisikia. Hatukuendelea na kazi kwa muda. Tulichora fito zile ubaoni hadi wote wanne tukaona mzigo unapita wapi. Sijutii dakika hizo hata kidogo.

Mnara umeimarishwa kwa mihimili ya kulala katikati ya kimo. Mguu mwembamba hushindwa kwa kupinda kabla chuma chenyewe hakijashindwa, na mzigo wa kuupinda hutegemea urefu usioshikwa: ukipunguza urefu huo kwa nusu, uwezo unakuwa mara nne. Yule wa mota, aliyekuwa kimya, ndiye aliyekagua ukurasa huu. Ilimchukua muda mrefu, aliuliza mengi, na alipata majibu yaleyale niliyoyapata.

Wiki ya sita: ripoti

Hapa nina jambo la kusema kwa uzito. Aliyepewa michoro na ripoti siku ya kwanza ni msichana pekee katika kikundi. Hakuna aliyeuliza kama anataka. Mmoja alisema "wewe una mwandiko mzuri" na ikapita. Nimeliona hili katika vikundi vingi: wasichana wanapewa kuandika, kupanga vikao na kutengeneza slaidi, wavulana wanabaki na hesabu na vifaa. Kisha siku ya maswali inaonekana kana kwamba yeye ndiye anayejua machache. Barbara Oakley na Richard Felder, wahandisi wanaofundisha, pamoja na wenzao waliandika mwaka 2004 kuhusu namna ya kupanga vikundi vya wanafunzi, na mojawapo ya mashauri yao ni kutomweka mwanamke mmoja peke yake katika kikundi cha wanaume, hasa miaka ya mwanzo ya masomo. Naelewa kwa nini.

Na huyu ndiye aliyetukamatia lile kosa la 63. Leo tena, akisoma sura yangu ya mnara ili ailainishe lugha, ameandika pembeni: "Na tangi likiwa tupu?" Nilikuwa nimeanza na hali ya tangi lililojaa, ambayo ndiyo inayotawala mgandamizo kwenye miguu. Upepo lakini ni habari nyingine. Tangi tupu ni kubwa kwa umbo na jepesi kwa uzito, upepo ukilisukuma miguu ya upande unaotoka upepo inataka kunyanyuka, na maji ya kuikandamiza hayapo. Msingi lazima uwe mzito wa kutosha kuushikilia mguu chini. Sura imeongezwa kurasa mbili, hesabu ameifanya yeye, mimi nimekagua. Ripoti tumeigawa: kila mtu anaandika sehemu aliyoikagua, siyo aliyoifanya. Lugha haitakuwa laini kama angeiandika mmoja, na siko tayari kulibadilisha hilo kwa ajili ya ulaini.

Wiki ya saba

Kuunganisha. Haikuchukua muda, kwa kuwa hakukuwa na kingi cha kuunganisha.

Kikundi cha jirani kina watu sita, wamekesha maabara ya kompyuta. Katika watu wanne kuna jozi sita za kuzungumza, katika sita zipo kumi na tano, na hawakuwa na jedwali la pamoja. Nimewapelekea letu likiwa tupu, walitumie watakavyo.

Wiki ya nane: maswali

Tumeitwa mmoja mmoja. Mimi niliulizwa kuhusu pampu: ingekuwaje kama vali ya kutokea ingefungwa nusu. Nilichora mkunjo wa pampu (kimo inachoweza kufikia kwa kila mtiririko) na mkunjo wa mfumo (kimo ambacho mabomba yanakihitaji kwa kila mtiririko), nikaonyesha makutano yao yanavyohama kuelekea mtiririko mdogo na kimo kikubwa. Wa mabomba aliulizwa msingi wa mnara. Wa michoro aliulizwa kipeo cha tano, akakieleza vizuri kuliko kilivyoandikwa kwenye ripoti.

Wa mota alijibu vyema sehemu ya pampu na ya miguu ya mnara. Kwenye upepo alikwama, akamwambia mhadhiri kwamba ukurasa huo hakuupitia. Mhadhiri akaandika kitu na kuendelea.

Baada ya hapo tumepewa fomu za kupimana: kila mtu awape wenzake alama za mchango, kwa siri. Tulikubaliana kwamba tutajaza kila mtu peke yake, ila sababu tutazisoma kwa sauti kabla ya kukabidhi, kwa kuwa kumwandikia mtu kasoro ambayo hujawahi kumwambia si haki. Kwa wa mota niliandika kwamba alichelewa kuanza kwa wiki tatu, kwamba kazi yake ya mwanzo ilifanywa na wengine, na kwamba kuanzia wiki ya nne alikagua kila ukurasa aliopewa. Alisikiliza, akasema wiki ni mbili na nusu. Tulirudi kwenye jedwali kutazama tarehe za herufi zake. Ni tatu. Akakubali, nikaacha kama nilivyoandika.

Kilichobaki ni barua kwa mhadhiri, ambayo sote wanne tumeitia sahihi. Tunaomba muhula ujao mambo mawili: maswali ya mtu binafsi yafanyike pia katikati ya kazi, wiki ya tatu au ya nne, ili aliyepotea ajulikane wakati bado kuna muda wa kumfundisha, na kikundi kisiruhusiwe kugawana sehemu kabla hakijakabidhi ukurasa mmoja unaoonyesha namba ipi inatoka sehemu ipi kwenda ipi. Tumeambatanisha jedwali letu, pamoja na ule mstari wa 63 kama ulivyokuwa kabla ya kusahihishwa.